Mchoraji wa Sura na Tabibu wa Nafsi: Amana Iliyosahauliwa Kilimani Makerere

Mwaka 1954, juu ya kilima cha Makerere, walikuwapo wanawake wawili wa kigeni ambao kila mmoja, kwa fani yake, alikuwa amejitia katika kazi ya kumtazama mwanadamu kwa subira ambayo watu wa zama zetu, waliozoea kutupa jicho na kupita, aghalabu hawana. Mmoja alikuwa Margaret Trowell, mchoraji na mwalimu wa sanaa, ambaye kwa miaka 17 alikuwa akiwafundisha vijana wa Afrika ya Mashariki kuchora na kuchonga. Wa pili alikuwa Mary Ainsworth, mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliyefika Uganda pamoja na mumewe aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, hapo hapo Makerere. Nawataja pamoja kwa makusudi, maana ninalotaka kulitetea ni kwamba kuichora sura ya mtu na kuitibu nafsi yake ni kazi mbili zenye shina moja, na kwamba mtu mmoja akizishika zote mbili, kama wafanyavyo baadhi ya wachoraji wa leo wanaoishi pia kwa saikolojia, hastahili kuhesabiwa kuwa ameshindwa kuchagua. Ila lipo sharti moja zito, nitakalolieleza kwa urefu, kwa kuwa pasipo sharti hilo ustadi wake wote hugeuka kuwa dhuluma.

Trowell alisoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akapita mikononi mwa mwalimu mashuhuri Marion Richardson, aliyekuwa na njia yake ya pekee: hakumwekea mwanafunzi chungu wala ua mezani ili anakili, bali alimwambia afumbe macho, akamsimulia jambo, akamwacha aitazame picha inayojitokeza ndani ya fikra zake kabla hajaishika brashi. Njia hiyo ndiyo aliyokuja nayo Trowell Afrika ya Mashariki mwaka 1929, na mwaka 1937 akaanza kuitumia Kampala, barazani kwa nyumba yake mwenyewe; darasa lile la baraza ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo ina jina lake hata sasa. Mikononi mwake alipita Gregory Maloba, kijana wa Kenya, ambaye mwaka 1962 alisimamisha katikati ya jiji la Kampala sanamu ya Uhuru, ya mama amwinuaye mwanawe juu; akapita Sam Ntiro wa Uchagani, ambaye picha yake moja ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika huko London. Wako waliomlaumu Trowell kwamba njia yake ilimfungia Mwafrika katika picha za vijijini na masimulizi ya dini, na Cecil Todd aliyemfuata alibadili mengi. Mjadala huo una haki yake, lakini si shauri langu leo. Linalonivuta ni kwamba mwalimu yule alianzia ndani. Aliamini kwamba kila mtu ana picha zake moyoni, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumfanyia mwanafunzi nafasi na utulivu mpaka picha hizo zipate kutoka bila ya hofu. Mtaalamu wa nafsi wa leo, akiulizwa kazi yake ni nini, atajibu maneno yaliyo karibu na hayo.

Nyumba ile ilikuwa na mtazamaji mwingine. Mumewe, Hugh Trowell, tabibu wa hospitali ya Mulago, kwa miaka mingi aliwachunguza watoto wa kwashiorkor, waliovimba miguu na kugeuka rangi ya nywele kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, na mwaka huo huo wa 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kilichowafungua macho matabibu wa nchi nyingi. Kila aliyewahi kulea mtoto mwenye maradhi hayo hutaja uso wake kwanza: jitimai isiyo ya kitoto, macho yasiyofuata kitu, mdomo usiotaka kucheka, na matabibu waliozoea walingoja tabasamu kama dalili ya kwanza ya kupona. Mke akiwafundisha vijana kuchora, mume akizisoma nyuso za wagonjwa wadogo, na baina yao meza moja ya chakula. Naamini kuwa kama Kampala ingalitafuta mahali pa kuanzia historia ya sanaa na tiba kukaa pamoja, ingalianzia pale.

Ainsworth naye hakuwa na brashi, alikuwa na daftari. Katika vijiji vya jirani na Kampala alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa takriban saa mbili kila mara, wakati wa alasiri ambapo wanawake wa Buganda walikuwa na desturi ya kupokea wageni. Hakuja na vyombo vya kupima. Alikaa, akazungumza na mama kwa msaada wa mkalimani, huku akijifunza Kiganda, akatazama: ni mtoto yupi aliaye mama akiinuka, ni yupi atambaaye kwenda mbali kisha akageuka kuhakikisha kuwa mama yupo, ni yupi atulizwaye na pakato la mama na ni yupi asiyetulia hata akipakatwa. Katika wale 28 aliwahesabu 16 kuwa na pendo lenye utulivu kwa mama zao, 7 kuwa na wasiwasi, na 5 ambao pendo hilo lilikuwa bado halijadhihirika. Kisha akaona kwamba akina mama walioweza kumweleza habari za watoto wao kwa utondoti, ambao walikuwa wamewatazama sana watoto wao, ndio aghalabu waliokuwa na watoto watulivu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na elimu ya pendo la mtoto na mlezi wake, inayosomeshwa leo katika vyuo vya dunia nzima, ina sehemu ya msingi wake katika sebule za Buganda. Hiyo ni fahari ambayo Waganda wengi hawajapata kusimuliwa.

Ili mtu apime uzito wa mtazamo huo, na akumbuke kilichoandikwa mwaka mmoja tu kabla yake. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya maradhi ya akili ya Mathari, Nairobi, alitoa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na ndani yake akamfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Huyu alikaa na Waafrika miaka mingi kuliko Ainsworth, akawa na mamlaka juu yao, na asiwaone. Basi kukaa karibu na mtu peke yake hakutoshi, wala cheo cha utabibu hakitoshi. Mtazamaji aliyekwisha kukata shauri kabla ya kutazama huona shauri lake tu. Mimi nashikilia kuwa kama Carothers angalilazimika, walau mara moja, kuketi mbele ya mgonjwa wake na kuuchora uso wake mstari kwa mstari, asingaliweza kuandika sentensi ile, kwa maana mkono unaochora hauwezi kuchora Mwafrika kwa jumla: huchora pua hii, kovu hili, mkunjo huu wa jicho la kushoto ambao jicho la kulia halina.

Hapo ndipo fani mbili zikutanapo. Mchoraji wa sura humketisha mtu mbele yake kwa saa kadhaa, na kwa muda wa mwanzo aliyeketi huvaa uso wake wa hadhara, akainua kidevu, akakaza midomo, akawa kama alivyo siku ya harusi au mbele ya mkubwa wake wa kazi. Kisha shingo huchoka, fikra huhamia nyumbani kwenye deni la karo ya shule au kwa mtu aliyefariki, na uso wa pili huja, uso ambao mwenyewe hajapata kuuona, kwa kuwa ajitazamapo kiooni huuvaa ule wa kwanza. Mchoraji mwenye maarifa huungoja uso huo wala hauharakishi. Mtaalamu wa nafsi naye, baada ya salamu na maelezo ya juu juu, hungoja neno litakalokuja baada ya kimya. Wote wawili wameridhia kupoteza muda ili mwingine apate kujionesha, na wote wawili hujua kwamba macho yao yana nguvu, kwamba mtu akitazamwa kwa upole kwa muda mrefu huanza kubadilika.

Kampala ya leo ina vijana wengi wenye mikono ya ajabu. Mteja huwatumia picha kwa simu, na baada ya siku chache hupokea karatasi ya penseli iliyofanana naye mpaka kope za macho. Siudharau ustadi huo, unaolisha watu na kupamba kuta za nyumba nyingi. Walakini kilichokosekana ni kikao. Aliyechorwa hakuketi, aliyechora hakungoja, na uso uliopatikana ni ule ule wa hadhara, uliokwisha kupangwa mbele ya kamera. Nikimwona kijana mwenye kipawa kikubwa namna hiyo akizunguka miaka na miaka katika kunakili picha za simu, huumia moyo, maana nusu ya fani yake, tena nusu iliyo bora, hajaonjeshwa na mtu yeyote.

Watu huuliza kama mtu anaweza kweli kuzishika fani mbili bila ya kuziharibu zote. Jibu lipo katika maisha ya Marion Milner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900, aliyehitimu elimu ya nafsi London, akafanya kazi ya kutibu watu kwa mazungumzo hadi uzeeni, na akachora maisha yake yote. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya kushindwa kwake kuchora, akieleza kwamba alipojilazimisha kuchora miti sawasawa picha zilikufa mkononi, na alipouacha mkono uende upendako zilitoka picha za hasira na hofu ambazo hakujua kuwa anazo. Kitabu hicho alikitoa kwanza kwa jina la kupanga. Pia alimtibu mwanamke aliyemletea maelfu ya michoro, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akijua kalamu inavyomsaliti mwenye kuishika, aliweza kuisoma michoro ile kwa staha, akaifahamu kama mazungumzo, asiifanye kuwa vielelezo vya ugonjwa. Asingaliyafahamu hayo kwa vitabu vya utabibu peke yake.

Nalirudia sasa lile sharti. Mchoraji hufanya kazi yake ili ionekane. Picha isiyotazamwa na mtu huhesabiwa kuwa haijatimia. Tabibu wa nafsi hufanya kazi yake ndani ya siri. Aliloambiwa chumbani halitoki, na likitoka amevunja amana iliyo nguzo ya kazi yake. Je, anayekusanya kazi zote mbili mwilini mwake afanye nini na sura ya mtu aliyemwona katika saa yake ya udhaifu? Historia inatuonesha kuwa swali hili limejibiwa vibaya na watu wakubwa. Baina ya mwaka 1821 na 1823 hivi, Théodore Géricault wa Ufaransa alichora sura za wagonjwa wa akili, na tano kati yake zinajulikana hadi leo. Ni kazi za huruma na ufundi mkubwa, na wachambuzi huzisifu kwa kuwa hakumdhihaki hata mmoja wao. Nami nazisifu. Lakini watu wale hawana majina. Mmoja huitwa mwizi, mwingine mcheza kamari, kana kwamba maradhi ndiyo yaliyoketi mbele ya mchoraji, na hapana anayejua kama waliulizwa.

Tena yupo Hans Prinzhorn wa Ujerumani, aliyesoma historia ya sanaa kabla ya kusoma udaktari, akakusanya huko Heidelberg maelfu ya michoro ya wagonjwa, na mwaka 1922 akatoa kitabu kilichowastaajabisha wachoraji wa Ulaya. Ili kuwasitiri wagonjwa aliwabadili majina. Mhunzi Franz Karl Bühler akawa Pohl, na kwa jina hilo la kupewa akasifiwa na watu asioweza kuwajibu, ilhali mwenyewe alikuwa amefungiwa hospitalini, mpaka mwaka 1940 serikali ya Wanazi ilipomwua pamoja na wagonjwa wengine wengi. Baadhi ya kazi za mkusanyo ule zilikuwa zimekwisha kutumiwa na serikali hiyo katika maonyesho ya kuwafedhehesha wachoraji wa kisasa. Prinzhorn hakuyakusudia hayo, naye alifariki mwaka 1933. Lakini kazi zilikuwa zimetoka mikononi mwa waliozifanya, na kitu kilichotoka mikononi mwa mwenyewe hutumiwa na yeyote mwenye nguvu. Siri ilimfichia Bühler jina lake na isimkinge na chochote.

Watu wa mwambao tangu zamani walikuwa na hadhari katika kuchora viumbe vyenye roho. Ufundi wao wakautia katika nakshi za milango na katika hati, na sura ya mtu wakaieleza kwa maneno, kama alivyofanya Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad. Hata asiyeishika hadhari hiyo kwa sababu ya dini anaweza kujifunza kwayo, kwamba sura ya mtu ina hurma yake na haichukuliwi kama embe la njiani. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha iliyochorwa katika kikao cha tiba ni mali ya aliyechorwa. Si ya mchoraji, wala ya hospitali, wala ya chuo kilichotoa fedha ya utafiti. Mchoraji anayeona kuwa sharti hilo linamnyima haki yake na achore wengine, ambao si wagonjwa wake. Nyuso hazijaadimika Kampala.

Na wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano mwema. Mwaka 1992 wanawake wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi waliunda chama chao, NACWOLA, na katika miaka iliyofuata wakajulikana kwa vitabu vya kumbukumbu: mama aliyehofu kuwa hataishi kuwaona watoto wake wakikua alikaa na mtoto, wakaandika pamoja habari za ukoo, siku aliyozaliwa, babu zake, vyakula alivyovipenda, wakabandika picha na kuchora pale ambapo picha hazikuwapo. Kitabu hicho kilikuwa sura ya mtu kwa maana kamili. Kilikuwa pia tiba, kwani katika kukiandika mama alipata kuyasema maradhi yake kwa mtoto, na mtoto akapata kuuliza. Na kilikuwa cha nani? Cha mtoto, nyumbani kwake. Wageni wakitaka kukiona waliomba. Akina mama wale, wengi wao bila ya shahada yoyote ya sanaa wala ya saikolojia, walilifumbua fumbo lililoishinda Heidelberg.

Sasa tuiangalie Butabika, upande wa mashariki wa jiji, karibu na ziwa. Hospitali hiyo ya taifa ya maradhi ya akili ilifunguliwa mwaka 1955, wakati ule ule Ainsworth akimaliza ziara zake vijijini. Kabla yake wagonjwa waliwekwa gerezani Hoima, kisha katika majengo ya Mulago, na hata baada yake watu wengi wa Kampala waliendelea kulitaja jina la Butabika kama tusi. Sheria iliyowahusu wagonjwa hao ilikuwa ile ya mwaka 1964 mpaka ilipokuja sheria mpya ya mwaka 2018, inayomtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki na ridhaa yake. Baina ya Butabika na Makerere ni safari fupi ya gari, ijapokuwa foleni za Kampala huirefusha. Upande mmoja wapo watu ambao nyuso zao zimeepukwa kwa miaka, hata na jamaa zao; upande wa pili wapo vijana wanaojifunza kutazama. Ndani ya maktaba kuu ya Makerere imesimama sanamu ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita, aliyoichonga kwa mti mmoja katika miaka ya 1980, mwili uliojeruhiwa na uliobaki wima, na kila mwanafunzi wa Uganda apitaye mbele yake huelewa kuwa msanii huyo alikuwa akiisema nafsi ya nchi nzima. Nchi iliyozaa kazi ile haina haja ya kufundishwa kwamba sanaa na majeraha ya moyo ni jirani.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazitoshi dawa, na kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, na sitaki brashi inunuliwe kwa bei ya kidonge cha mgonjwa. Ninaloliomba ni dogo, nalo laweza kuanza na watu wachache. Shule ya sanaa na ile ya saikolojia, zilizo chuo kimoja, ziwaruhusu wanafunzi wao wachukue masomo ya pande zote mbili na kupewa shahada inayoitambua kazi yao, wasiambiwe wachague. Wanaohitimu wapokewe Butabika na katika hospitali za mikoa kwa muda maalumu, chini ya tabibu mwenye ujuzi, wakae na wagonjwa wanaotaka kuchora au kuchorwa, pasipo kulazimisha mtu. Ridhaa iandikwe kwa lugha ya mgonjwa, na kwa kuwa mtu anaweza kukubali katika siku ya maradhi jambo ambalo asingalilikubali akiwa na afya, aulizwe tena baada ya kupata nafuu, na akikataa, picha arudishiwe bila ya swali. Isipigwe picha ya simu, isitiwe katika ripoti, isitundikwe Nommo wala jumba jingine lolote la maonyesho mpaka mwenyewe aseme, na akisema itundikwe, itundikwe kwa jina lake kamili ikiwa ndivyo atakavyo, la mchoraji likiandikwa chini yake.